Grili ya Bluu

Nondo hakuwa mtu wa kusema ahsante. Ukimpa maji, anakunywa na kukurudishia kikombe. Ukimsaidia kubeba vyuma, anakuonyesha kwa kidevu pa kuviweka. Mkewe alishazoea. Aliwaambia mashoga zake kwamba akiona mumewe amemaliza sahani bila kununa, hiyo ndiyo barua yake ya mapenzi.

Alikuwa fundi wa kuchomelea. Jina la Nondo alipewa na mtaa kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya shingo yake, ambayo haikuzoea kupinda. Kibanda chake kilikuwa mwanzo wa mtaa, pale lami inapoishia na njia ya udongo inapoanza kuteremka kuelekea mtoni. Kuanzia hapo hadi nyumba ya mwisho huko chini, hapakuwa na dirisha lisilo na grili iliyotoka mkononi mwake. Wezi walipita mtaa ule mikono mifukoni. Nondo akijisifia hilo hakuwa anatia chumvi.

Tatizo lilikuwa mto. Zamani ulikuwa na adabu. Ukitaka kupanda ulianza kubadilika rangi, ukaunguruma siku nzima, watu wakapata muda wa kutoa magodoro. Siku hizi mvua iliyokuwa ikigawanywa mwezi mzima inamwagwa mchana mmoja, na mto unaingia ndani bila kubisha hodi. Mwaka uliopita uliingia kwa Kinyozi akiwa kitandani na homa.

Kinyozi alikaa nyumba ya pili kutoka mtoni. Alipoamka, maji yalikuwa yameegemea mlango kwa nje na mlango hausogei. Akakimbilia dirisha la nyuma, linalotazama uchochoro wa juu ambako ni pakavu. Pale akakutana na grili ya Nondo. Alipanda kitandani, akashika vyuma kwa mikono miwili, akapiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Maji yakafika kifuani, yakatulia kidogo kama yanafikiria, kisha yakarudi yalikotoka. Wiki nzima baada ya hapo aliwanyoa watu kwa kuongea nao kwa ishara.

Ndipo mtaa ukaitisha mkutano kwenye uwanja wa shule, huko juu kilimani. Kamati ya maafa ilikuwa na mwenyekiti mmoja tu mwenye kuogopwa, naye ni mshonaji aliyeitwa Mama Cherehani. Alikuwa na kawaida ya kuongea akiwa ameng'ata pini. Watu walimsikiliza kwa makini, wengi wao kwa hofu kwamba atazimeza.

"Jambo la kwanza," akasema. "Binamu yangu ana mashine ya kusaga huko juu ya mto. Maji yakigusa ngazi yake, anapiga simu. Simu ikilia, mimi napuliza filimbi. Mkisikia filimbi, msiulize nani kafa. Ni kupanda huku shuleni. La pili, kila asiyeweza kukimbia tunampangia mchukuzi wake, jirani mwenye miguu. La tatu." Akamtazama Nondo. "Grili zote za madirisha ya nyuma zifunguke kwa ndani."

Nondo akasimama kama aliyekalia moto.

"Mama, grili inayofunguka si grili. Huo ni mlango wa mwizi."

"Kaa chini, sijamaliza."

"Mimi nimelinda mtaa huu miaka yote! Leo mnataka nikate kazi yangu mwenyewe?"

Kinyozi alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Alikuwa mwembamba, shati lilimning'inia kama limeanikwa. "Kaka," akasema taratibu, "mimi hiyo kazi yako niliishika kwa mikono miwili, maji yakiwa hapa." Akajigusa kifua. "Ni kazi nzuri sana. Haikutikisika hata kidogo."

Watu wakaangua kicheko. Nondo hakucheka. Sifa ile ilimwingia kama kibanzi cha chuma kwenye jicho, na usiku ule alijigeuza kitandani mpaka mkewe akamuuliza kama anapigana na mtu.

Asubuhi yake alibeba grenda, akateremka mpaka nyumba ya mwisho, akaanza.

Lazima isemwe kwamba akishakubali kazi, Nondo haifanyi nusu. Kila grili aliikata kipande kinachotosha mtu mzima kupita, akakitia bawaba mbili na komeo moja. Juu ya komeo akachomelea kijisanduku cha chuma, ili mkono wa mtu wa nje usiweze kulifikia hata uwe mrefu vipi. Watu walimletea chuma chochote walichokuwa nacho: vitanda vibovu, fremu ya baiskeli, miguu ya meza. Alizipaka zile sehemu alizokata rangi nyekundu ya kuzuia kutu, mkono mmoja, basi. Hazikuwa za kupendeza. Zilipofunguliwa zililia kama mbuzi. Lakini zilifunguka.

Nyumba yake mwenyewe aliiacha ya kumalizia, na huko ndiko alikotaka kuonyesha ufundi.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha mama yake. Mama alikuwa na goti moja lililogoma kupinda, akitembea kwa fimbo yenye mpira chini. Mchana mara nyingi alibaki peke yake, maana mkwewe alikuwa na meza yake ya mboga sokoni na Nondo yuko kazini. Kwa dirisha lile Nondo alichukua muda. Alilainisha kila kona isije ikamkwaruza mama. Komeo alilitengenezea kishikio cha mviringo kinachojaa kiganjani. Halafu, kwa sababu mama alipenda bluu, akanunua rangi ya mafuta, ile nzito yenye kung'aa, akapaka mkono wa kwanza. Ilipokauka akapaka wa pili. Ilibaki kidogo kwenye kopo, akaona haya kuitupa, akapaka wa tatu.

Mama alikaa kitandani akaitazama.

"Mwanangu, hii imekuwa ya ikulu."

Nondo akafuta brashi. Kwake hiyo ilikuwa siku nzuri.

Siku hiyo iliharibika jioni, Mama Cherehani alipopita kusema kwamba mchukuzi wa mama ni Kinyozi.

"Nani?" Nondo akasema. "Yule? Yule akibeba ndoo ya maji anapumzika mara tatu njiani! Upepo ukivuma anashika ukuta!"

"Ndiye aliye karibu mchana. Saluni yake iko hatua chache kutoka hapa."

"Nitambeba mwenyewe mama yangu."

"Ukiwa kazini ng'ambo ya mto utambeba kwa simu?"

Nondo akaanza kupekua kisanduku cha vifaa kana kwamba kuna kitu kimepotea.

Jumamosi iliyofuata kamati ikafanya zoezi. Nondo aliliita igizo. Alisema wanaume wenye akili zao wanakimbia mvua isiyonyesha. Alisema kwake wasije, kwa sababu hakuna haja ya kumkagua fundi kwa kazi aliyoifanya yeye. Mama Cherehani akatoa pini moja mdomoni, jambo ambalo lilikuwa ishara mbaya.

"Kwako tutamalizia," akasema.

Filimbi ikalia. Kutoka chini ya mtaa, madirisha ya nyuma yakaanza kufunguka moja baada ya jingine, yakilia kama mbuzi, watu wakitokea humo makalio mbele, wengine wakicheka, mmoja akikwama kwa kitambi mpaka akasukumwa na mkewe. Umati ukapanda na uchochoro ukiongezeka, hadi ukafika chini ya dirisha la bluu. Lilikuwa linang'aa. Mtu mmoja akapiga mluzi wa kulisifu. Nondo alisimama pembeni amekunja mikono, uso wa mtu anayesubiri kupigiwa makofi.

"Haya mama," akaita. "Vuta komeo."

Dirisha likabaki limefungwa.

"Vuta, mama."

"Navuta."

"Vuta kwa nguvu!"

"Nguvu zipi, mwanangu? Zile nilizokuzalia zimeisha."

Watu wakacheka. Nondo akaingia ndani mwenyewe, akashika kile kishikio cha mviringo, akavuta. Hakikusogea. Akaweka mguu ukutani, akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Komeo lilikuwa limekaa kwenye tundu lake kama lililozaliwa humo. Ndipo akaliona. Ile rangi nzito, mikono mitatu, ilikuwa imetiririka ndani ya komeo na kwenye bawaba zote mbili, ikakauka humo kama gundi. Kwa watu wengine alipaka mkono mmoja wa haraka, zikafunguka. Kwa mama yake alipaka kwa mapenzi, akamfungia ndani.

Mtaa mzima ulikuwa nje ya dirisha ukimwangalia kupitia vyuma, yeye akiwa ndani ameshika komeo, na hapo watu wakaacha kucheka. Alijiona kama Kinyozi siku ile. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa mkavu.

Alimtazama Kinyozi, akingoja dongo. Ilikuwa haki yake kurusha, na lingemwingia.

Kinyozi akakohoa. "Kaka, nina yale mafuta ya mashine zangu za kunyolea. Ni mepesi, yanaingia kila mahali. Nikuletee?"

"Lete," akasema Nondo. Kinyozi alipoleta, akasema, "Weka hapo."

Alifanya kazi mpaka jua likawa utosini. Aligonga komeo kwa patasi na nyundo, akang'oa rangi, akakwangua bawaba mpaka chuma kikaonekana cheupe, akatia mafuta ya Kinyozi. Ile bluu ya ikulu ikabaki na mabaka kama mbwa mwenye ukurutu. Mama akajaribu. Komeo likateleza kwa kidole kimoja.

"Sasa," akasema Mama Cherehani, "mchukuzi."

Kinyozi akageuka, akachutama chini ya dirisha. Mama akateremshwa mgongoni kwake. Kinyozi aliyumba kulia, akayumba kushoto, Nondo akafumba macho. Kisha mchukuzi akakaa sawa, akaanza kupanda kilima kwa hatua fupi fupi.

"Mwanangu," mama akasikika akisema, "kukupanda wewe ni kama kupanda ngazi."

"Shika vizuri basi, mama, usiruke kipandio."

Tangu siku hiyo mama akapata kazi. Kila Jumamosi asubuhi alifungua grili yake na kuifunga, akaitia mafuta kwa unyoya wa kuku. Mafuta yakipungua alimwita Kinyozi dirishani. Nondo aliyaona hayo, akapita.

Mvua ya mwaka huo ilikuja siku ya kazi, baada ya chakula cha mchana. Nondo alikuwa ng'ambo ya mto, anafunga geti la ghala. Anga ilikuwa imejikunja tangu asubuhi upande wa milimani, lakini pale alipo palikuwa na jua. Alikuwa amevaa miwani ya kuchomelea, hivyo alichoona ni cheche tu. Alipovua miwani, watu walikuwa wanakimbia.

Alifika darajani akiwa na nyundo mkononi. Hapakuwa na daraja. Lilikuwepo, ila maji ya kahawia yalikuwa yanapita juu yake, yakibeba matawi, mlango wa mtu, na pipa likizunguka kama linacheza. Askari alikuwa amefunga kamba njiani.

"Mama yangu yuko ng'ambo," akasema Nondo.

"Kila mtu ana mtu wake ng'ambo, mzee. Rudi nyuma."

Alimpigia mkewe. Alikuwa salama sokoni, huko juu, lakini hata yeye njia ilikuwa imefungwa na hajasikia lolote kutoka nyumbani. Alimpigia Mama Cherehani, simu haikuita. Namba ya Kinyozi hakuwa nayo. Hakuwahi kuiomba.

Basi akasimama kwenye kamba ile, mvua sasa ikimpiga, akitazama mapaa ya mtaa wake. Kwa mbali yalikuwa ya kuhesabika, na la kwake alilijua kwa bati jipya la pembeni. Akaanza kuifanya ile kazi upya kichwani. Komeo alilikwangua, alikuwa na hakika. Bawaba ya juu aliikwangua, alikumbuka vumbi la bluu likimwingia puani. Bawaba ya chini je? Alipokuwa anafika chini mkewe alimwita chakula kinapoa. Aliimaliza kabla ya kula au baada? Aliimaliza kweli? Na hata kama ilifunguka Jumamosi, leo ni siku nyingine, mvua imenyesha, chuma kikilowa kinajua kubadilika tabia. Akamwona mama yake amepanda kitandani kwa goti lile, ameshika vyuma vizuri, vilivyolainishwa kona zote.

Watu waliokuwa karibu naye baadaye walisema alikuwa anaongea peke yake. Alikuwa anasema, "Bawaba ya chini. Bawaba ya chini."

Maji yalikaa juu ya daraja mpaka mvua ilipochoka. Yalipoanza kushuka askari akalegeza kamba, Nondo akapita kabla haijagusa chini. Alikimbia kwenye tope, kiatu kimoja kikabaki humo, hakurudi kukichukua. Mlango wa nyumba yake ulikuwa umefungwa, alama ya maji juu ya kitasa. Akaugonga kwa bega, ukakataa. Tope lilikuwa limejaa nyuma yake. Akazunguka uchochoroni huku ameshika ukuta.

Grili ya bluu ilikuwa wazi. Ilikuwa inacheza taratibu na upepo, huku na huku, bila kulia. Juu ya kizingiti cha dirisha palikuwa na alama ya duara ya tope, saizi ya mpira wa fimbo.

Nondo aliishika ile grili, akaifunga, akaifungua tena. Bawaba ya chini ilikuwa imekwanguliwa mpaka chuma cheupe, na juu yake maji yalikuwa yameteleza kwenye mafuta bila kuyaondoa. Aliipiga kofi dogo, kama mtu anayempiga mtoto wake mgongoni, kisha akapanda kilimani.

Darasa lilikuwa limejaa watu, mabeseni na kuku. Mama alikuwa amekaa juu ya dawati, amefunikwa shuka jeusi la kinyozi mpaka shingoni, kama anayesubiri kunyolewa.

"Umechelewa," akamwambia. "Na hili shuka lina nywele za watu, zinaniwasha."

Nondo akachutama mbele yake. Akamshika mama magoti yote mawili, lile zima na lile bovu.

"Nilisikia filimbi," mama akaeleza, na ilionekana amekwishaeleza mara nyingi. "Maji hayajaingia bado. Nikafungua kwa kidole, nikakaa dirishani, miguu nje. Huyu mchukuzi wangu akafika, eti ananiuliza, 'Mama, uko tayari?' Nikamwambia, mwanangu, mimi nimekaa hapa naanza kusinzia!"

"Tulipofika mahali pa ngazi za shule," akasema Kinyozi, "ndipo tukasikia maji yanapiga milango huko chini." Alikuwa amekaa sakafuni kifua wazi, anatetemeka, mifupa yote ikihesabika. Shati lake alikuwa amemvisha mama ndani ya shuka.

Nondo akavua koti lake la kazi, lenye matundu ya cheche, akamwekea mabegani. Lilimfunika mara mbili.

"Ahsante," akasema.

Darasa zima likageuka. Hata kuku. Mkewe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia mlangoni na kapu kichwani, akalishika lisianguke.

"Umesemaje?" akauliza Mama Cherehani kutoka kona ya pili.

"Umenisikia."

"Sijasikia, nina pini mdomoni."

"Pini huna. Una filimbi."

Alikuwa nayo kweli, bado imening'inia mdomoni, amesahau kuitoa. Midomo ilikuwa imemvimba kwa kupuliza. Alikuwa ametembea mtaa mzima mpaka nyumba ya mwisho, akirudi kinyumenyume mbele ya maji, na hakuna mtu aliyebaki ndani. Magodoro yalikwenda, masufuria yalikwenda, meza ya Kinyozi na kioo chake vilikwenda. Watu wote walikuwa pale, wakilalamika kuhusu nafasi ya kukaa.

"Na wewe pia, mama," akasema Nondo, macho yakiwa dirishani. "Ahsante. Lile igizo."

"Zoezi," akasema Mama Cherehani.

"Zoezi."

Ni asubuhi yake tu ndipo Nondo alipojua kwamba yeye aliyepuliza filimbi hakupata nafasi ya kuokoa cherehani yake. Aliikuta ndani ya tope mpaka gurudumuni. Hakuuliza. Aliibeba begani mpaka kibandani, akaifungua skrubu kwa skrubu, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaipanga tena, na kuikimbiza mpaka ikaimba. Baada ya hapo akamtengenezea Kinyozi kiti cha chuma chenye kuzunguka, na kukaa juu yake kuwa mteja wa kwanza.

"Nyoa," akamwambia, "na usiongee sana."

Kinyozi akaongea mwanzo mpaka mwisho.

Mama alidai bluu yake irudishwe. Nondo akaipaka, mkono mmoja, akaruka komeo na bawaba zote mbili, akamwita Mama Cherehani aje ajaribu kabla rangi haijakauka na baada ya kukauka. Jumamosi asubuhi sasa mtaa mzima hufungua grili zake, kuanzia nyumba ya mwisho huko mtoni, zikilia kama mbuzi kupanda kilima. Nondo akizisikia huzima mashine. Huvua miwani akasikiliza mpaka mbuzi wote wamalize. Ya mama yake hailii, kwa hiyo hutoka nje ya kibanda na kuchungulia uchochoroni kuhakikisha. Akiiona imefunguka, na mkono wa mama umetokea unampungia unyoya wa kuku, ndipo hurudi ndani kuwasha moto wake.